Nyasi Zilizobaki Ungoni

Kituo cha Malisho, Lumbanga
6 Agosti 1972

Mama Biasha,

Shikamoo. Natumaini barua hii umeifungua mwenyewe na unaisoma mwenyewe, maana kisomo cha watu wazima kitakuwa na faida gani kama bado unampelekea mwalimu akusomee habari za majani?

Nilifika salama. Bara kuna baridi, na samaki wa huku wamekaushwa mpaka wamesahau kwamba waliwahi kuyaona maji. Mke wangu Tekla na mtoto hawajambo. Lakini nilichokalia kuandika ni zile mbegu ulizonifungia kwenye kipande cha kanga siku naondoka kisiwani Juani.

Nimezipanda kwenye makopo, chini kabisa, kina cha kiganja kizima. Pembeni nikapanda zile nyasi za Sudani kama zilivyotufikia mwanzoni, mbegu nyepesi ambazo mche wake ulikuwa ukichungulia jua la Juani mara moja na kufa. Zile za zamani hazikutoka. Zako zimepasua udongo zikasimama, miche minene yenye nguvu, kwa sababu mbegu nzito humwekea mche wake chakula cha safari. Mkuu wa kituo alikuja kutazama akaniuliza tulichagua mbegu kwa mashine gani. Nikamwambia mashine yenyewe inaitwa Biasha binti Mfaume, na inatumia ungo.

Unakumbuka walivyotucheka mwaka wa kwanza? "Serikali imemleta Mngoni kutoka Songea aje atufundishe kupanda majani!" Na ng'ombe wa kijiji walikuwa mbavu tupu kila kiangazi. Wewe peke yako ndiye uliyenipa pembe ya shamba lako karibu na bonde. Kila mavuno ukapepeta, zinazoruka tukatupa, zinazobaki tukapanda, na mwaka uliofuata tukachagua tena zilizo nzito miongoni mwa nzito. Watu wa kituoni wanadhani mimi ndiye hodari. Siwakatalii sana, nawe usiniseme.

Naomba uendelee kukitunza kitalu chetu. Kamati ya mbegu itakaa mwaka kesho au wa pili yake. Ikizikubali, zitapelekwa vijiji vya ujamaa vya pwani yote.

Mwanao,
Gaudens


Juani
19 Novemba 1972

Mwanangu Gaudens,

Marahaba. Nimeisoma mwenyewe, ingawa neno "kiangazi" nililipita kimyakimya kama mtu apitaye mlangoni kwa mkwewe. Baadaye nikalirudia.

Nina habari ya furaha. Mabruki wangu ameoa. Mke ni Time binti Othmani wa Jibondo, baba yake fundi wa majahazi. Wanawake wa hapa wamekwisha kunipa pole badala ya hongera. "Bi Biasha, umetuletea mtu wa Jibondo! Kwao hata maji ya kunywa huletwa kwa chombo, mpunga ataujulia wapi?" Nikawaambia mkono hufundishwa. Na kweli anafundishika. Ni mtoto wa adabu, mchekeshaji, anaamka kabla yangu. Ila akishika jembe utadhani anachonga mbao.

Kama ujuavyo, mbegu ya mpunga kwetu haiuzwi, huombwa. Na mke mgeni, mbegu yake ya kwanza hutoka katika ungo wa mama mkwe, ndipo ajulikane kuwa ana kwao bondeni. Basi nimempa Time ya kutosha shamba lake lote. Wengine nao walikuja kama walivyokuwa wakija kwa marehemu mama yangu, maana mbegu iliyopita mkononi mwangu haina takataka, hilo hata wanaonichukia wanalikubali. Usinicheke, sifa ya mtu mmoja haidhuru.

Nyasi zako nazo nimezivuna na kuzipepeta. Jamvi ni moja, ungo ni huu huu, mgongo ndio umechoka. Nimekutumia mfuko kwa mkono wa yule bwana mganga wa zahanati anayekwenda likizo. Mbegu zimekuwa nzuri mno. Ukizirusha hazina hata haja ya kuruka.

Msalimie Tekla. Mwambie nimemwekea kasha la udi.

Biasha binti Mfaume


Juani
22 Aprili 1973

Bwana Gaudens,

Kuna jambo bondeni.

Mpunga ulimea vizuri, tukapalilia vizuri, tukashukuru. Ulipofika magotini tukaona mimea mingine inaupita. Wiki ya pili ikawa imeupita kwa kichwa. Ni nyasi. Zilipokuwa changa zilifanana na mpunga, jani kwa jani, hakuna aliyezing'oa. Hata mimi nilizipita nikazihurumia nisizikanyage. Sasa zimeusonga mpunga, na ukizing'oa unang'oka nao pamoja.

Nilivunja suke moja nikalifikicha kiganjani. Nilizijua kama ninavyowajua wanangu.

Nikarudi nyumbani, nikatoa mbegu ya mpunga iliyobaki mtungini, nikaipepeta upya uani peke yangu. Mwanangu, haziruki. Tangu dunia iumbwe, mbegu ya jani lolote ikiingia kwenye mpunga, ungo huitoa pamoja na makapi. Ndiyo kazi ya ungo. Hizi tumezifundisha zisiruke. Zinakaa nyuma na mpunga zimetulia, kama wageni walioalikwa. Nadhani zilianzia jamvini kwangu, chache tu, nikazigawa bonde zima kwa mkono wangu huku watu wananiombea dua.

Shamba la Time ndilo limeharibika kuliko yote, kwa sababu yeye nilimpa mwisho, nikamzolea mpaka masalio ya jamvi ili asipungukiwe. Na wanawake wamekwisha kusema: mtu wa Jibondo hajui magugu, ameyaacha yakazaa, sasa yametuhamia sisi.

Niambie kwamba nimekosea. Wewe umesoma. Niambie ni majani mengine, nami nitakuamini haraka sana. Sijamwambia mtu.

Biasha


Kituo cha Malisho, Lumbanga
30 Mei 1973

Mama Biasha,

Shikamoo. Pole sana kwa usumbufu wa magugu.

Kitaalamu si rahisi kutoa hukumu kwa kuangalia suke moja. Nyasi jamii ya mtama ziko nyingi. Ndege huweza kubeba mbegu, samadi ya ng'ombe nayo huweza. Mvua za mwaka huu zilikuwa kubwa. Kwa hiyo nakushauri, kama mwanao, usiliseme jambo hili kwa sasa kabla sijalichunguza. Likisemwa vibaya litawatisha watu bure, na kamati ya mbegu inakaribia kukaa. Fikiria ng'ombe wa pwani nzima, Mama, na watoto watakaopata maziwa.

Hayo ya wanawake kusemana ni ya kawaida, yatapita. Wasaidieni wenye mashamba yaliyosongwa kung'oa.

Mtoto ameanza kutembea.

Gaudens


Juani
8 Agosti 1973

Bwana Gaudens,

Tumevuna. Niseme tumevuna kwa sababu neno jingine sina. Nyumba nyingi zitakula muhogo kabla ya mwaka kugeuka.

Nilikaa kimya kama ulivyoniambia. Nisikusingizie, nilikaa kimya kwa sababu nilipenda kukaa kimya. Barua yako ilinipa ruhusa tu. Nikiambiwa "ndege" nasema ndege, nikiambiwa "samadi" nasema samadi. Wao hawakusema ndege. Walisema Time.

Nataka nikueleze kitu kimoja, kisha utaniambia ulimwengu huu una dawa gani ya kitu hicho. Juzi baada ya alasiri Time alinijia uani. Alikuwa ameoga, amevaa kanga safi, nikajua kuna neno. Akapiga magoti.

"Mama, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini tena, mwanangu?"

"Umenipa mbegu safi nikakuharibia bonde. Wenzangu wote wanasema, na mimi naona ni kweli. Sikuyajua yale majani. Niliyapalilia nikayafukia udongo vizuri nikidhani ni mpunga wako. Nimekutia aibu kwa watu."

Alikuwa analia, lakini bila sauti, kama mtu aliyejizoeza. Na mimi ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yalikuwa yamekwisha kufika mdomoni. Unajua nilisema nini? Nilimshika kichwa nikasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Mungu atakufundisha."

Nimekusamehe! Akanibusu mkono akaondoka amepata nafuu. Usiku ule niliswali nikakosea rakaa. Tangu siku hiyo akiniletea chakula nashindwa kumtazama, naye anadhani bado nina kinyongo, basi anazidi kunitumikia. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi ndiye nilimo nguoni mwa mtoto huyu, nikimla.

Kitalu chako nimekichoma moto. Ukitaka kukasirika, kasirika.

Biasha


Kituo cha Malisho, Lumbanga
14 Oktoba 1973

Mama,

Shikamoo. Sina hasira ya kitalu.

Nilipopata barua yako nilichanganya konzi ya mbegu zetu na kibaba cha mpunga, nikampa Tekla apepete. Hakujua ni za nini. Alipepeta kwa bidii, akaniletea ungo akasema, "Haya, safi." Nikatazama. Zilikuwemo, karibu zote. Nilimshukuru, nikala chakula changu cha jioni, sikumwambia kitu. Kwa hiyo hukukosea. Ni zetu.

Acheni kabisa mbegu ya mpunga ya Juani. Ombeni kisiwa jirani, Chole. Ardhini zitaendelea kuota msimu mmoja au miwili, kisha zitapungua mkizing'oa kabla ya kuchanua.

Lakini nakuomba jambo ambalo naona aibu kuliandika. Subiri. Kamati inakaa Januari. Haya ni makosa ya mahali pa kupanda tu, si makosa ya nyasi. Zikipandwa mbali na mpunga hazina ubaya. Nikisimama sasa niseme zinaiga mpunga hata ungo unadanganyika, watazitupa, na miaka yetu yote itakwenda nazo. Kamati ikishakubali nitaandika mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji na kusema ukweli. Time ni kijana, ana mume, ana mkwe anayempenda. Miezi michache ataivumilia.

Nimeisoma tena sentensi hiyo ya mwisho na sikuifuta. Ujue tu kwamba nimeiona.

Gaudens


Juani
2 Februari 1974

Gaudens,

Hakuwa na miezi michache.

Kwa kuwa niliwaambia wanawake mbegu yangu imeingiwa na wadudu, waliomba Chole kama ulivyosema. Wakapanda mbegu safi, na nyasi zikaota zile zile, maana zilikuwa zimelala ardhini. Hapo ndipo moto ulipowaka. "Mbegu ya Chole, na magugu yale yale! Basi si mbegu, ni mguu wa mtu." Mwenyekiti Muhidini aliitisha mkutano. Ikaamuliwa mke wa Mabruki asikanyage bondeni, wala asiguse mbegu ya mtu, na shamba lake lirudi kijijini. Hakuna aliyelitaja neno uchawi, ila lilikuwa limekaa katikati yetu lina kiti chake.

Mabruki alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Maneno yakazaa maneno, Time naye akajibu, kijana akatamka talaka moja. Asubuhi kaka yake Pazi alimfuata kwa mashua wakaenda zao Jibondo. Aliniaga. Alinipikia uji kwanza.

Sikungoja kamati yako. Ijumaa baada ya wanaume kutoka msikitini niliwakusanya wanawake, na Muhidini akiwepo, nikasimama. Nikasema: "Ni mimi. Ni nyasi za Bwana Malisho, nilizipepeta miaka na miaka nikizichagua uzito, mpaka ungo haukuweza tena kuzitofautisha na mpunga. Nikawagawia. Time hana kosa."

Mwanasiti, mke wa muadhini, akaangua kicheko. "Nyasi gani hizo zinazofundishwa uzito?" Mwingine akasema, "Ungo wa Bi Biasha! Labda jua lichomoze magharibi." Nikaapa. Unajua walifanya nini? Walinizunguka wakanishika mikono. Wakasema hawajaona mama mkwe kama mimi, aliye tayari kujipaka matope usoni ili kumsitiri mke wa mwanawe. Biubwa, bibi kizee yule, alinifuta machozi akawaambia mabinti, "Igeni huyu." Nimerudi nyumbani nina sifa zaidi kuliko nilivyotoka. Na Time amekuwa mbaya zaidi, maana sasa ndiye aliyenisababisha mimi niseme uongo.

Mabruki naye haniamini. Ananiambia, "Mama, usijidhalilishe kwa ajili yangu."

Kwa hiyo ukweli wangu hauna nguvu hapa, nimejijengea jina zuri mno. Unahitajika ukweli wako wewe, mtu wa serikali, wenye muhuri. Andika kwa Muhidini. Time yuko kwenye eda. Eda ikiwa haijaisha, Mabruki anaweza kumrejea kwa neno moja, na neno hilo atalisema akijua ukweli. Ikiisha, maji yamemwagika.

Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu ulipokuja na begi lako la turubai.

Biasha


Kituo cha Malisho, Lumbanga
3 Machi 1974

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Kamati ilichelewa kukaa, imekaa wiki iliyopita. Wamezikubali. Wameziita Juani Nzito. Nilipongezwa, nikapigiwa makofi, na kuna habari za mimi kupelekwa masomoni.

Nitaandika kwa mwenyekiti. Nipe muda kidogo nitafute maneno, kwa sababu barua ya serikali lazima ipite kwa mkuu wa kituo.

Gaudens


Juani
5 Mei 1974

Eda ya Time imekwisha.

Biasha


Kituo cha Malisho, Lumbanga
20 Mei 1974

Ndugu Muhidini,
Mwenyekiti wa Kijiji,
Juani, Mafia.

Kuh: MAGUGU KATIKA MASHAMBA YA MPUNGA

Napenda kukufahamisha kuwa, baada ya uchunguzi, imethibitika kwamba magugu yaliyoenea katika bonde la Juani tangu msimu wa 1973 ni nyasi za malisho zilizokuwa zikioteshwa kijijini kwa majaribio. Mbegu za nyasi hizo, kwa kuwa zilichaguliwa kwa uzito, haziwezi kutenganishwa na mpunga kwa kupepeta. Ziliingia katika mbegu ya mpunga kutokana na upungufu wa uangalifu wa mtunza mbegu, aliyetumia jamvi na ungo mmoja kwa mazao yote mawili.

Ndugu Time binti Othmani hahusiki kwa namna yoyote na kuenea kwa magugu hayo.

Wanakijiji wanashauriwa kung'oa nyasi hizo kabla hazijachanua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
kny. Mkuu wa Kituo


Juani
23 Juni 1974

Gaudens,

Barua ya serikali imefika. Muhidini macho yamemwishia, na katibu wake alikuwa Kilindoni, basi mkutanoni nikapewa mimi niisome. Kisomo kimenifaa.

Niliisoma yote. Nilipofika penye "upungufu wa uangalifu wa mtunza mbegu" sikupunguza sauti. Mwanasiti akauliza, "Mtunza mbegu ndiye nani?" Nikamwambia, "Ndiye huyu anayesoma." Safari hii hakuna aliyecheka. Karatasi yenye muhuri imewaambia lile lile nililowaambia kwa kinywa changu, wakaamini. Biubwa akausogeza mkeka wake mbali nami kidogo. Sasa hakuna anayekuja kwangu kuomba mbegu. Na iwe hivyo.

Uliyoyaandika ni kweli, siyakatai. Jamvi lilikuwa moja na ungo ulikuwa mmoja. Ila nilipoimaliza niligeuza karatasi nyuma nikatafuta jina lako, sikuliona popote. Hata mwisho umesaini kwa niaba ya mtu mwingine. Sikukasirika. Nilikuonea huruma, kwa kuwa najua jinsi siri inavyokaa kifuani. Mimi nimekwisha kuitoa. Wewe bado unayo.

Mabruki amelia kama mtoto. Kesho anakwenda Jibondo na posa mpya, mahari mpya, na wazee wawili. Mimi sikuthubutu kupanda mashua. Nitamwandikia Time.

Na hivyo vijiji vya pwani, je? Navyo vina mabonde, vina mama wakwe na nyungo zao.

Biasha


Kituo cha Malisho, Lumbanga
9 Julai 1974

Mama,

Shikamoo. Magunia ya mbegu yalikwisha kwenda kabla sijaipata barua yako. Nimeandikia vijiji vyote vilivyopelekewa kwamba wasipande Juani Nzito karibu na mpunga, wala wasiifikishe nyumbani inapopepetwa mbegu. Nimeeleza yaliyotokea kwenu. Nimesema nilijua tangu Oktoba na nikanyamaza. Nimesaini jina langu, na sikumwonyesha mkuu wa kituo mpaka barua zilipokwisha kuondoka.

Masomoni siendi tena. Tekla nimemweleza habari ya ungo ule. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini ulinishukuru?"

Sina la kukuomba. Nilitaka ujue tu.

Gaudens


Juani
24 Juni 1974

Kwa mwanangu Time,

Mabruki anakuja leo na karatasi ya serikali, atakusomea. Mimi nakuletea yasiyoandikwa humo.

Nilijua. Siku uliyonipigia magoti uani nilikuwa ninajua tangu Aprili. Nilijua unaomba radhi ya kosa langu, nikakupa. Nimetafuta njia ya kulisema jambo hili ambayo ndani yake ningeonekana afadhali kidogo, sikuipata.

Niliogopa kuvunjika jina. Hakuna sababu nyingine, usiitafute. Sasa mimi ndiye ninayekupigia magoti, na kama si miguu hii ningekuja kuyapiga hapo kwenu mlangoni. Nisamehe. Na ukitaka kurudi, rudi. Nyumba ni yako, shamba umerudishiwa, na mimi nikikukera nitahamia Chole kwa dada yangu.

Aliyekuwa mama mkwe wako,
Biasha


Jibondo
15 Julai 1974

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliipokea kwa mkono wa Mabruki. Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika nyingine mbili nikazichana, zilikuwa na matusi.

Mabruki nimemkatalia. Baba alinipa hiari, na kwa kuwa eda ilikwisha, hiari ilikuwa yangu kweli. Ingekuwa bado, angenirejea nami ningerudi bila kuulizwa, na labda ningefurahi. Usimlaumu. Alikaa siku nzima barazani kwetu akinywa maji ya mtungini bila kujua tumeyangoja tangu juzi. Pazi alitaka kumwambia, nikamkataza.

Hapa hawaniulizi habari za mpunga. Asubuhi nasokota pamba ya kalafati, ya kuzibia nyufa za majahazi, na wanawake wa kwetu, mchana nalala. Vidole vimeanza kukumbuka kazi.

Nilivumilia kuambiwa sijui magugu, kwa sababu nilikuwa sijui. Nilivumilia na yale mengine ambayo hawakuyataja. Neno moja tu linanirudia kila nikiinamisha kichwa kuosha nywele. Nasikia mkono wako juu yake, na sauti yako inasema umenisamehe. Nilitoka uani kwako siku ile ninaona dunia nyepesi. Nilimwambia Mabruki, "Mama yako ni mtu wa peponi." Usiku huo nililala usingizi nisioupata tena mpaka leo.

Sasa unaniomba mimi. Mama, wewe nilipokuomba ulinipa palepale, bila hata kufikiri, kwa jambo ambalo halikuwa na haja ya kusamehewa. Hili lako linayo haja. Kwa hiyo mimi siwezi kulitoa upesi hivyo. Nimejitafuta nione kama ninao huo msamaha, na mpaka leo sijauona. Siku nikiuona nitapanda mashua niulete mwenyewe, hautakuja kwa barua. Nisipofika, ujue bado natafuta.

Miguu yako ikandwe kwa maji ya moto yenye chumvi, jioni, kabla hujalala.

Time binti Othmani